Cheti Nilichokisoma Nusu

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka mkono wangu hutafuta kitu cha kushika. Ilikuwa asubuhi yenye jua kali, nami nilivuka mpaka wa Busia kwa miguu, suti yangu nyeusi nimeitia ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi la malori lisiichafue. Nilikuwa wakili. Nilikuwa na cheti. Nilikuwa na mteja aliyewahi kunibeba mgongoni nilipokuwa mtoto mchanga. Kabla ya saa sita mchana mambo hayo matatu yalikuwa yamegeuka aibu, na shamba la mwanamke asiye na kosa lilikuwa limebaki wazi kama nyumba iliyong'olewa mlango.

Nitakusimulia polepole, usiwe na haraka nami. Labda umevua joho la mahafali juzi tu, na tayari kijijini wanakuita loya. Nami waliniita hivyo.

Kwetu ni Dabani, upande wa Uganda. Senge wangu Nabwire aliolewa ng'ambo ya mto wa mpakani, upande wa Kenya. Senge ndivyo sisi Wasamia tunavyomwita dada wa baba. Usidhani aliolewa mbali. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukitumwa kwake kuomba chumvi, na tulirudi kabla maji hayajachemka. Ukoo ni mmoja, lugha ni moja, msiba ni mmoja. Sukari ikipanda bei huku tunainunua kule. Nyanya zikikosa mnunuzi kule zinakuja huku. Waendesha baiskeli wa kwetu walikuwa wakiita abiria, "Boda! Boda!", maana walibeba watu kutoka kizuizi cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, mpaka jina hilo likasambaa miji yote. Kwa watu kama sisi, mpaka ni barabara yenye askari. Unamsalimia, unapita.

Hilo ndilo lililoniponza. Mtu aliyezaliwa Kampala asingefanya kosa langu, kwa kuwa yeye angejua kwamba Kenya ni nchi nyingine. Mimi nilijua Kenya ni kwa Senge.

Nilikuwa nimesoma, mwanangu, wala sijisifu. Nilimaliza shahada ya sheria chuo kikuu, na siku ile ile nikadhani nimekuwa wakili. Nikaambiwa bado. Nikaingia kozi ya uwakili, ile inayokufundisha kuandika karatasi za mahakama na kusimama mbele ya jaji bila magoti kugongana. Nikadhani sasa basi. Nikaambiwa bado, nenda ukakae chini ya wakili mkongwe, umbebee majalada, umtazame. Baada ya hapo ndipo jina langu likaandikwa kwenye orodha ya mawakili, na kila mwaka nikawa natakiwa kuomba cheti kipya, kwa maana cha mwaka jana hakikufai mwaka huu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mkongwe wangu alikuwa Mzee Obbo, mzaliwa wa Nagongera, mwenye ofisi ya vyumba viwili mjini Tororo. Alikuwa na desturi moja tuliyoicheka kisirisiri. Kila mwanzo wa mwaka, vyeti vipya vilipofika, alituita sisi vijana wake, akatusimamisha mmoja mmoja, na kila mmoja alisoma cheti chake kwa sauti tangu juu hadi chini. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma jina langu, sauti ikatetemeka, macho yakajaa machozi, nikakaa.

"Hujamaliza," alisema Mzee Obbo. "Soma hadi chini."

Pale pale akaingia mteja aliyekuwa akilia kwamba ng'ombe wake wamekamatwa, na ofisi nzima ikahamia kwenye ng'ombe. Sikusoma hadi chini. Nilikitia cheti kwenye fremu, na kila asubuhi nilipokitazama nililiona jina langu tu.

Sasa, Senge Nabwire alikuwa mjane. Mumewe alimwachia nyumba, shamba la juu la mihogo, na shamba la chini linaloteremka hadi kijitoni. Mpaka wa shamba hilo la chini ulikuwa safu ya mikonge ambayo mumewe aliipanda kwa mkono wake mwaka walipooana. Shemeji yake, Wandera, alikuwa na lake upande wa pili wa mikonge ile. Mazishi yalipokwisha na wageni kutawanyika, Wandera alianza kusema kwamba kaka yake aliazimwa tu, kwamba ardhi yote mpaka mlangoni mwa nyumba ni ya ukoo, na Senge hana mtoto wa kiume wa kuirithi. Hatimaye akafungua kesi kwenye mahakama ya Busia, upande wa Kenya, kule ardhi iliko.

Senge alikuja Dabani Jumapili moja ya mwaka wangu ule wa kwanza, wito wa mahakama ameufunga ndani ya kitambaa cha kichwa.

"Mtoto yangu," alisema, "Wandera amenipeleka kotini."

"Pole, Senge. Tafuta wakili kule Busia."

"Wakili gani? Mimi naenda kuambia mtu wa nje habari ya ukoo yetu, na loya nimemzaa mimi?"

"Hukunizaa, Senge."

"Nimekubeba! Hii mgongo ilikuwa ya bure?"

Watu wote waliokuwa uani walicheka, nami nikacheka, na kicheko kile kikafunga mjadala. Nilizichukua zile karatasi. Sikumwambia Mzee Obbo. Nilitaka nikishinda ndipo niingie ofisini na hukumu mkononi, aone kwamba kifaranga kimeota mbawa. Mbio za sakafuni, mwanangu, huishia ukingoni. Lakini anayekimbia haoni ukingo.

Niliandika majibu ya kesi. Niliandika hati ya kiapo ya Senge. Niliandika ombi la zuio, yaani amri ya kumkataza Wandera kugusa ardhi ile mpaka kesi isikilizwe. Chini ya kila karatasi nikatia sahihi yangu kama wakili wake. Karani wa masjala ya mahakama alipiga muhuri bila kuinua macho. Kazi yake ni kupokea, si kuuliza ulizaliwa wapi. Hakimu alisoma ombi, akatoa zuio la muda mpaka siku ambayo pande zote mbili zingefika mbele yake.

Wandera alikuwa amekwisha kukodi trekta. Lilifika langoni, dereva akaonyeshwa amri yenye muhuri, akageuza. Kijiji kizima kilisimulia wiki ile jinsi loya wa Nabwire alivyosimamisha trekta kwa karatasi. Senge alichinja jogoo. Nilikula firigisi, mwanangu, sehemu wanayopewa wazee wa heshima, na nilijiona nimestahili.

Kisha ikaja ile asubuhi ya suti kwenye mfuko.

Nilibadilisha nguo kwa rafiki wa Senge mwenye duka la vitenge karibu na mahakama. Senge alinikuta pale, tukaingia. Wakili wa Wandera alikuwa mwanaume wa makamo mwenye miwani, mpole, aliyenisalimia vizuri na kunisogezea kiti. Hakimu alikuwa mama mwenye sauti ya chini, ile sauti inayolazimisha chumba kunyamaza. Kesi ikaitwa. Nikasimama, nikajitambulisha kwa jina na kusema ninamwakilisha mdaiwa.

Yule wakili wa miwani akasimama pia.

"Mheshimiwa, kabla hatujaendelea, ningeomba kujua jina la mwenzangu limo kwenye orodha ya mawakili ya nchi gani."

Nilitabasamu. Kweli kabisa, nilitabasamu, nikidhani ni utani wa watu wa mpakani.

"Wakili," hakimu aliniuliza, "una cheti cha mwaka huu?"

"Ninacho, Mheshimiwa." Nilikuwa nimekitoa kwenye fremu makusudi nije nacho.

"Tusomee."

Nikasoma jina langu, kwa sauti kubwa, bila kutetemeka safari hii, nikakishusha.

"Endelea."

"Ameruhusiwa kufanya kazi ya uwakili mwaka huu, mbele ya mahakama zote za..."

Ulimi ukagoma. Neno lilikuwa pale, limechapishwa kwa wino mweusi, na lilikuwa pale siku zote nilizokitazama cheti ukutani. Nililiona kwa mara ya kwanza. Nikainua macho, nikaiona bendera iliyosimama kando ya kiti cha hakimu, ambayo nilikuwa nimepita mbele yake nikiingia.

"Hadi mwisho, wakili."

"Za Uganda."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yangu nilimsikia Senge akinong'ona, "Imekuwa nini?" Hakujibiwa, basi akasimama mwenyewe, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Mheshimiwa, huyu ni mtoto ya kaka yangu. Si mtu ya mbali. Jogoo ya kwao ikiwika, mimi huku naamka."

Hapo watu walicheka, hata askari wa mlangoni. Hakimu hakucheka, ila sauti yake ililainika.

"Mama, nakuamini. Hapa hatuulizi ukoo wake. Tunauliza kama ameruhusiwa kukusemea katika mahakama hii, na hajaruhusiwa."

Kisha alitoa uamuzi wake, nami nikaupokea nimesimama. Karatasi zote nilizotia sahihi zinaondolewa, kwa kuwa aliyezitia sahihi si wakili katika nchi ile. Zuio lililotolewa kwa karatasi zile linaondoka nazo. Mdaiwa amepewa siku saba alete majibu yake upya, mwenyewe au kupitia wakili anayeruhusiwa. Akanigeukia.

"Kujifanya wakili ni kosa la jinai. Leo nitachukulia kwamba umepotea njia, si kwamba umeiba. Usisimame hapo tena."

Nje ya mahakama nilimsubiri Wandera anikejeli. Angenikejeli ningepumua. Alipita karibu yetu bila kututazama, akatoa simu mfukoni, na nikamsikia akisema maneno mawili tu: "Rudisha trekta."

Mwanangu, tulikimbia. Mimi na suti yangu nyuma ya pikipiki moja, Senge nyuma ya nyingine, akimpiga dereva mgongoni aongeze mwendo. Tulifika tukakuta trekta limekwisha kupita mara tatu. Mikonge ilikuwa imelala kifudifudi, mizizi juu, majani yale makali yamekandamizwa udongoni. Safu yote, kutoka kwenye njia hadi kijitoni. Senge alitembea juu ya udongo uliofunuliwa, akainama, akaokota mche mmoja uliong'oka na mizizi yake, akaukumbatia kama mtoto. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na alinitazama kwa mshangao, kama mtu anayejiuliza ni nani hasa aliyefiwa.

"Si ulikuwa na karatasi?" aliniuliza. "Karatasi ilisimamisha hii trekta. Sasa imekataa kwa nini?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa, hata na majaji. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini nilikuwa nimejichoma mimi, na mguu uliokuwa ukitoka damu ulikuwa wa Senge.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Tororo kabla ofisi haijafunguliwa. Mzee Obbo alinikuta kibarazani, akanikaribisha ndani, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Ni nani aliyekufundisha kazi?"

"Ni wewe, Mzee."

"Basi jana ni mimi niliyesomeshwa cheti mbele za watu. Kaa chini."

Hakupaza sauti. Alimimina chai, akanisogezea kikombe, akaanza kunieleza jambo nililokuwa nimelijibu kwenye mtihani na kupata alama nzuri, bila kulielewa.

"Sheria hizi zilitujia kutoka Uingereza," alisema. "Kule, tangu zamani, kazi ya wakili waliigawa kwa watu wawili. Kuna anayekaa na mteja. Anamsikiliza, anamwandikia barua, mikataba, wosia, anakusanya ushahidi. Halafu kuna anayesimama mbele ya jaji na kusema. Desturi yao, mteja hakumwendea huyu wa pili moja kwa moja. Alipitia kwa yule wa kwanza. Kila mmoja ana njia yake ya kufundishwa, na kila mmoja ana chombo chake kinachompokea, kinachomchunga, na kinachoweza kumfukuza. Hapa kwetu tuliona watu wawili ni wengi. Tukaweka mizigo yote miwili juu ya kichwa kimoja."

"Najua, Mzee."

"Hujui. Pale mpakani, lori linapofika, kuna mtu wa kliaransi anayeshughulikia karatasi za forodha, na kuna dereva. Dereva asiyeaminika anapokea karatasi na kuendesha. Dereva mzuri anazikagua kwanza, maana yeye ndiye atakayesimamishwa njiani. Anamrudishia: 'Wewe, hapa pana kasoro, rekebisha.' Ndiyo faida ya wawili: wa pili ni macho mapya. Wewe ulikuwa mtu wa kliaransi na dereva kwa wakati mmoja. Nani aliyekagua karatasi zako?"

"Hakuna."

"Mshika mawili, moja humponyoka. Mawakili wa huku kwetu tunabeba mawili kila siku. Kwa hiyo anayesimama ndani yako lazima amsome anayeandika ndani yako kama vile hamjuani."

Nikadhani amemaliza. Kumbe lile lililoniuma zaidi lilikuwa linakuja. Niliropoka, kwa uchungu wangu, kwamba sheria hizi za orodha na vyeti zimewekwa na mawakili kulinda ugali wao, kwamba wa kule hawataki sisi wa huku tuingie. Mzee Obbo aliweka kikombe chini.

"Ukinunua sukari dukani ikawa na mchanga, unafanya nini?"

"Nairudisha."

"Na ukiinunua kwa mtu aliyeivusha kwa njia za panya?"

Nikakizungusha kikombe.

"Jibu."

"Sina pa kuirudisha."

"Mimi nikimkosea mteja hapa Tororo, jina langu liko kwenye orodha. Anajua pa kwenda. Kuna watu wataniita, wataniuliza, wanaweza kuninyang'anya cheti. Cheti kile si pambo langu, binti yangu. Ni mlango wa mteja wa kurudishia sukari mbovu. Wewe ulimvukia Senge wako kwa njia ya panya. Leo akitaka kukushtaki kwa wanaosimamia mawakili wa nchi yake, watamwambia hatumjui huyo. Ulimwondolea shamba, na ulimwondolea hata mahali pa kulalamikia."

Nilishtuka mara mbili, mwanangu. Mahakamani nilishtuka kwa ajili ya jina langu. Kwenye kiti kile, chai ikipoa, ndipo niliposhtuka kwa ajili ya Senge. Miaka yote ya masomo niliamini kwamba kozi zile, na mkongwe yule, na cheti cha kila mwaka, vyote vilikuwa ngazi za kunipandisha mimi. Kumbe kila ngazi iliwekwa kwa ajili ya mtu atakayekuja na wito wa mahakama umefungwa ndani ya kitambaa, asiyeweza kujua kama ninachomwambia ni kweli.

Mzee Obbo alifunga ofisi siku ile ile, akavuka nami. Hatukwenda mahakamani; tulikwenda kwa Wakili Nekesa, mwanamke wa umri wangu aliyekuwa na ofisi Busia ya Kenya, na ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kule. Mzee alimfahamu, akaniambia nieleze mwenyewe. Nilieleza. Nekesa alifunga jalada alilokuwa akilisoma.

"Kwa hiyo wewe ndiye yule wa cheti," alisema. "Umekuwa maarufu. Jana hata wauza mahindi walikuwa wanaulizana vyeti."

"Unaweza kumsaidia Senge?"

"Nitamsaidia Senge. Wewe utakaa pale, utaniambia unachokijua, na hutatia sahihi hata kwenye kitabu cha wageni."

Siku saba zile nilifanya kazi ambayo sikuwahi kuifanya kwa uangalifu hivyo. Nilikaa na Senge, nikamsikiliza kwa Lusamia, nikayapanga aliyoyasema, nikamtafuta mzee aliyewasaidia kupanda mikonge. Nilimpelekea Nekesa. Yeye aliyasoma kama mtu asiyemjua Senge wala mimi, akauliza maswali ambayo sikuwahi kuuliza, kwa kuwa nilidhani nayajua majibu. "Mumewe aliwahi kuandika popote kwamba mpaka uko hapa?" Sikuwahi kuuliza. "Wandera aliwahi kulima ng'ambo ya mikonge?" Sikuwahi kuuliza. Karatasi zilizoingia mahakamani zilikuwa zake, na zilikuwa na sahihi moja. Siku ya kusikilizwa yeye alisimama, mimi nikakaa benchi la nyuma karibu na Senge, nimemshika mkono. Nilikuwa nimegawana kazi na mtu mwingine, kama wafanyavyo Waingereza, na sikuwahi kuwa wakili mzuri kama siku ile ambayo sikuwa wakili.

Nyumba ilibaki kwa Senge. Shamba la juu lilibaki kwake. Lakini shamba la chini mpima ardhi alikuja, akatafuta mpaka, na mpaka haukuwapo, ulikuwa umelimwa. Yule mzee aliyesaidia kupanda alikumbuka safu ilianzia wapi, hakukumbuka ilipinda wapi. Mahakama ikaligawa. Kipande kinachogusa kijito kikaenda kwa Wandera. Tangu hapo Senge huteka maji kwa kuzunguka njia ndefu.

Tuliporudi Tororo, Mzee Obbo alinipa karatasi nyeupe na kalamu. "Andika," alisema, "kwa wanaotusimamia. Eleza ulichofanya. Usisubiri mtu mwingine akuandike." Nililia, nikamsihi. Alikwenda kusimama dirishani akautazama mwamba wa Tororo, akanisubiri kwa subira ya mtu anayemsubiri mtoto anywe dawa. Niliandika. Niliitwa, nikahojiwa, nikapewa onyo lililoandikwa ambalo bado liko kwenye jalada langu, na nisingetaka litoke.

Senge hakunilaumu kwa neno hata moja. Alifanya jambo baya zaidi, au zuri zaidi, mpaka leo sijaamua. Alianza kuuliza watu vyeti. Muuguzi akija kumpima, "Cheti ya mwaka huu iko wapi?" Fundi wa bomba, mwalimu mgeni, hata askofu alipokuja kubariki kanisa, walisema alimshika joho akamwuliza, na askofu wa watu akabaki anacheka akijipapasa mfukoni. Senge ni mzee sana sasa. Mwaka huu, mwanzoni, nilimpelekea cheti changu kipya kama nifanyavyo kila mwaka. Haoni vizuri tena. Akasema, "Nisomee." Nikasoma. Nilipofika kwenye jina langu akapiga fimbo chini.

"Si hapo. Kule chini."

Nikasoma hadi chini.

Basi mwanangu, nisikilize. Siku watakapokuita loya kabla hujawa, watakuita kwa upendo, na upendo ndio utakaokuponza. Ukiwa umemaliza shahada tu, sema, "Bado sijaruhusiwa, ila nitakupeleka kwa aliyeruhusiwa." Haitakupunguza. Ukiisha kupata cheti, kisome chote, ujue kinakupeleka hadi wapi, na ukifika mwisho wake usimame, hata kama ng'ambo ya pili yuko shangazi yako. Hasa kama ni shangazi yako, kwa kuwa yeye hatakuuliza. Mpate mtu wa kukagua kazi yako. Ukimkosa, ilaze siku moja kisha uisome kama vile imeandikwa na mtu usiyempenda. Na ukikosea, wahi kusema. Wala usiogope urefu wa njia ya kufika. Miaka ile ya kubeba majalada haikuniibia chochote. Kilichoniibia ni dakika moja niliyokaa kabla sijamaliza kusoma. Wewe una akili, una moyo, na una muda. Utafika.

Senge amepanda mikonge mipya. Imeanzia hatua thelathini ndani zaidi ya ile ya zamani, na kila nikienda kwake huniambia nipite kando yake, nisikate katikati.

Nenda basi, mwanangu, na Mungu akutangulie. Akupe wazee wa kukukemea ungali na nafasi ya kurekebisha. Awape watakaokutegemea ujasiri wa kukuhoji. Na siku utakaposimamishwa mbele za watu ukaambiwa usome, akujalie usome tangu juu hadi chini, na sauti yako isikatike njiani.